Msusi Asifundishwe kwa Ufagio: Msimamo wa Tawi Kuhusu Mafunzo ya Saluni kwa Watu Wazima

*TAARIFA YA TAWI, KIMANDOLU*

Ndugu wanachama na wapenzi wa Chama,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko taarifa za vikao na michango mlizozoea kupata hapa, kwa hiyo usome ukiwa umekaa, na mwenye bando amsomee jirani ambaye bando lake limeisha.

Katika vikao vyetu limekuwa likirudi swali moja, mara nyingi baada ya ajenda kufungwa, watu wakiwa wameshasimama. Mtu mzima anayetaka kujifunza kazi ya saluni aende wapi, na atalipa kiasi gani? Wanaouliza si mabinti waliomaliza kidato cha nne juzi. Ni mama aliyebeba ndizi kwenda Tengeru kila Jumatano na Jumamosi kwa miaka mingi, na sasa magoti yamekataa. Ni dada aliyekuwa akitandika vitanda hotelini, watalii walipokatika mwaka 2020 akarudishwa nyumbani na hakuitwa tena. Ni baba wa miaka 40 aliyeuza toyo yake kulipa deni na anataka kushika mashine ya kunyolea. Watu hawa wana watoto, wana kodi ya nyumba, na hawana mwaka mzima wa kukaa darasani bila kuingiza chochote.

Kamati ya Tawi imelijadili swali hili, na msimamo wetu ni huu. Njia ya bei nafuu ipo na iko hapahapa mtaani: kukaa saluni pembeni ya fundi na kujifunza kwa mikono. Lakini jinsi inavyoendeshwa leo, unafuu wake unamwendea mwenye saluni zaidi kuliko anayejifunza. Tunataka ibadilike, na tunaanzia nyumbani kwetu, maana wenye saluni kadhaa ni wanachama wa tawi hili na ujumbe huu wanausoma pia.

Tueleze inavyokwenda, ili asiyewahi kuipitia aelewe. Mama anafika saluni, anaambiwa hela ya kujifunzia. Anailipa yote siku ya kwanza, mkononi, bila risiti. Anaambiwa aje na kitana chake, mkasi wake na glavu zake. Miezi ya mwanzo anafagia, anafua taulo, anachambua rasta, anaosha vichwa, anatumwa chai na vocha. Haya yote ni sehemu ya kazi, hatubishi, na anayeona kufagia nywele ni kudhalilishwa hajawa tayari kwa biashara hii. Shida inaanza pale ambapo mwezi wa sita bado anafagia. Akishajua kusuka mistari na rasta anawekwa kwa wateja, anasuka toka asubuhi hadi jioni, na hela yote inaingia droo ya mwenye saluni kwa sababu yeye ni "mwanafunzi". Akiuliza atamaliza lini anajibiwa mkono wake bado haujakaa. Dawa hajaishika. Mwisho wake mara nyingi ni ugomvi: anaondoka, haagi, na hana hata kipande cha karatasi kinachosema alikuwa hapo.

Wapo mafundi wanaofundisha kwa moyo na wanaomtoa mtu na kumsaidia hadi anafungua kibanda chake. Tunawafahamu na tunawaheshimu. Ila mfumo unaotegemea moyo wa mtu mmoja mmoja si mfumo.

Upande wa mwenye saluni nao tumeusikiliza, na haukuwa wa kupuuza. Analipa pango na umeme. Dawa ikiharibiwa na mkono usiojua ni hasara yake, na mteja aliyeungua kichwa harudi, tena anawaambia wenzake wote kanisani. Kubwa zaidi ni hili: anamfundisha mtu, na baada ya miezi michache mtu huyo anafungua milango miwili mbele, kwa bei ya chini, akiwa na namba za simu za wateja wote. Mwenzetu mmoja alituambia kikaoni kwamba yeye hafundishi, anazaa washindani. Tulicheka, lakini ana hoja. Hofu hiyo ndiyo inayofanya fundi afiche mambo na kuvuta muda. Kwa hiyo karatasi tunayoipendekeza inawalinda wote wawili.

Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Iandike siku ya kuanza na *siku ya kumaliza*. Tunapendekeza miezi 6 kwa kuosha, kusuka na kuseti, na miezi 3 zaidi kwa anayetaka dawa na rangi. Anayejifunza kunyoa peke yake hahitaji hata muda huo. Malipo yagawanywe mara tatu, la mwisho litolewe kazi ikishafundishwa, na kila awamu iwe na risiti, hata ya kuandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mkono. Yatajwe yatakayofundishwa, moja moja, kwa majina tunayoyatumia saluni, ili baadaye pasiwe na ubishi kama "kusuka" kulikuwa na maana ya mabutu tu au na rasta za kushona. Kuanzia siku anapomhudumia peke yake mteja anayelipa, apate sehemu yake ya kichwa hicho. Ngapi kwa ngapi watapatana wenyewe, ila isiwe sifuri. Na kwa ajili ya fundi: mwanafunzi akimaliza asifungue saluni katika eneo watakalolitaja kwa muda watakaokubaliana, tuseme mwaka mmoja, na asichukue daftari la wateja. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi.

Saa nazo ziandikwe. Hapa ndipo mtu mzima anapotofautiana na binti. Mama mwenye watoto wa msingi hawezi kufungua saluni saa moja asubuhi, ila anaweza kuwa hapo saa tatu hadi saa kumi kila siku bila kukosa. Mwajibikaji wa saa saba ana faida kuliko binti anayeshinda saluni saa kumi na mbili huku yuko kwenye simu. Wenye saluni wengi wanakataa watu wazima kwa kudhani hawatulii. Uzoefu wa wale waliojaribu ni kwamba hao ndio wanaotulia, kwa sababu wanajua wamekuja kutafuta nini.

Kuna jambo moja ambalo karatasi haitalimaliza, nalo ni aibu. Mama wa miaka 45 kufundishwa na binti wa miaka 22, anayemwita "mama" na bado anamwambia afumue arudie upya, si jepesi kwa upande wowote. Tunawaomba mabinti wetu waendelee na shikamoo yao na waendelee pia kusema fumua. Nanyi mama zetu, fumueni.

Anayedhani kujifunza kwa kukaa pembeni ni njia ya waliokosa chuo awatazame ndugu zetu Wamasai. Morani huwasuka nywele morani wenzao. Ni sehemu ya kukua kwao, na hakuna aliyelipa ada. Leo vijana wa Kimasai wanasuka rasta Dar es Salaam na Zanzibar, wanatafutwa na wanawake kwa wepesi wa mikono yao, na wanalisha familia zao huku kwetu kaskazini kwa kazi hiyo. Mtu aliwafundisha kwa subira, kichwa kwa kichwa, kabla hela haijaingia katikati.

Sasa tuseme juu ya msimu, maana hapa watu wengi wanakosea. Mtu anapata hela ya kujifunzia Novemba na anaingia saluni hapo hapo. Novemba na Desemba ndiyo miezi mibaya kuliko yote ya kuanza. Mji mzima unasuka kwa ajili ya Krismasi, Wachaga wanajiandaa kupanda Kilimanjaro kwao, viti vimejaa, na fundi hana dakika ya kumwonyesha mgeni namna ya kushika kitana. Utafagia tu. Anza Januari mwishoni. Ada za shule zimekausha mifuko, saluni ziko tupu, fundi yuko na muda na amechoka kukaa kimya. Likizo ya katikati ya mwaka watoto wa kike wataruhusiwa kusuka, nao ni vichwa vizuri vya kujifunzia, wapwa na watoto wa majirani, kwa bei ya rasta tu. Ukijipanga hivyo, Desemba inakukuta tayari unaingiza hela.

Video za kwenye simu zinasaidia. Mitindo ya rasta inayovuma inafika Kimandolu kwa simu kabla haijafika kwa mtu, na msusi mzuri anaweza kuitazama mara tatu akaipata. Hatuwakatazi. Lakini kuna kitu ambacho simu haifundishi, na hapo lazima tukae kidogo.

Ni dawa. Wale mlio kwenye vikundi vya sabuni mnaijua kostiki soda, mnajua inavyochoma ngozi na kwa nini hatuisogezi karibu na watoto. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kemikali hiyohiyo, sodiamu haidroksaidi. Nyingine hutumia kalisiamu haidroksaidi, nazo zinaunguza vilevile. Katika kipimo cha ukali, maji safi yako kwenye 7 na dawa hizi ziko 12 na kupanda. Zinafanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele nguvu na mkunjo wake, na haziwezi kutofautisha unywele na ngozi ya kichwa. Ndiyo maana fundi anayejua anamuuliza mteja kama alijikuna au aliosha kichwa jana, na akisema ndiyo, anamwambia arudi siku nyingine. Anapaka mafuta mazito pembeni ya uso na masikioni. Anagusa nywele mpya tu zilizoota, hapiti juu ya zilizokwisha kuwekwa dawa, kwa sababu hizo ndizo zinazokatika. Anatazama saa. Anasuuza mpaka dawa yote itoke, kisha anatumia shampuu maalumu ya kuzima ukali uliobaki. Na hamwekei mtoto dawa hata mama yake akisisitiza.

Haya hayajifunzwi kwa kutazama ukiwa na ufagio mkononi. Yanahitaji mtu akusimamie kichwa baada ya kichwa. Mwanafunzi anayefichwa dawa kwa miezi 9 halafu anafungua kibanda chake atajifunzia kwenye vichwa vya wake zenu na dada zenu.

Kusuka nako kuna madhara yake. Rasta zikivutwa sana na kurudiwa bila kupumzisha kichwa, nywele za mbele zinaondoka, mwanzo kidogo kidogo, mwisho haziroti tena. Mtaani mnawaona mabinti wa miaka 25 wenye paji la uso lililopanda hadi katikati ya kichwa. Kwa vinyozi, mapunye yanahama kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kwa mashine isiyosafishwa, na wembe mmoja kwa watu wawili unaweza kupeleka virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Wembe mpya kila kichwa, mbele ya macho ya mteja. Na wanaouza vipodozi ndani ya saluni wajue kwamba vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi nchini ni Shirika la Viwango, TBS. Saluni inayouza makopo hayo isitegemee tawi liitetee siku ya ukaguzi.

Baada ya mtaani, tuje vyuoni. Chuo cha serikali kwa ufundi stadi ni VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ada yake ya kozi ndefu inajulikana: sh. 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, sh. 120,000 kwa wa bweni. Ukiisikia unafikiri mjadala umeisha. Haujaisha. Mtu wa Kimandolu akisoma ng'ambo ya mji anaweza kupanda vifodi viwili kwenda na viwili kurudi. Chukueni sh. 600 kwa gari: ni sh. 2,400 kwa siku, sh. 12,000 kwa wiki ya siku 5. Wiki 5 za nauli zimeshafikia ada ya mwaka mzima. Na bado hatujahesabu vifaa, chakula cha mchana, wala siku ambazo mama huyo angeuza kitu. Kwa mtu mzima gharama kubwa iko njiani na kwenye saa zinazopotea, na kwa sababu hiyo kupunguziwa ada peke yake hakumsaidii sana.

Zipo kozi fupi, na hizo zinamfaa zaidi, lakini zina ada yake tofauti. Kabla ya kupanda gari, piga simu chuoni ujue kama fani ya ususi na urembo inafundishwa hapo, inaanza lini, na kama kuna darasa la jioni. Wapo waliokwenda Njiro wakakuta chuo walichokiendea ni cha hoteli na utalii.

Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hivi vilianzishwa kuanzia 1975, miaka michache baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vilikusudiwa hasa watu wa aina tunayoisema: wazima, wenye familia, wasiotafuta cheti cha kwenda chuo kikuu. Viko 54 nchini. Jirani zetu wa Kilimanjaro wana Msinga na Mamtukuna. Mjini kwetu mtu hawezi kwenda na kurudi huko kila siku, ila mwenye ndugu upande ule aulize.

Vyuo binafsi vya urembo tunavigusa kwa haraka. Vingine ni vizuri. Vingine ni chumba kimoja, kioo, viti vitatu na mashine ya kuchapa vyeti. Kabla hujalipa, uliza kama kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, na usiridhike na jibu la mapokezi. Hakikisha kwa baraza lenyewe. Na tunasema kwa sauti: *asiende mtu kukopa kausha damu ili alipe ada ya saluni.* Msusi anayeanza hana kipato cha wiki cha kumtosheleza mtu wa kausha damu. Tumeshaona makochi na friji vikibebwa mchana kweupe kwa deni lililoanza kama ada.

Ipo njia ambayo wengi wenu hamjaisikia, na ndiyo inayofanya ile karatasi ya ukurasa mmoja iwe na thamani. Inaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu aliyejifunza kazi mtaani na kuifanya kwa muda anapimwa na VETA: anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya mpimaji, anaelekezwa pale alipopungukiwa, na akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Hahitaji kuwa na kidato cha nne. Mafundi wengi nchini, waashi, maseremala, wapishi na wengineo, wamepata vyeti kwa njia hii, na serikali imewahi kugharamia wengi wao kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Sasa fikirini: mpimaji atakapouliza ulijifunza wapi, kwa nani, muda gani na ulifundishwa nini, anayekuja na karatasi yenye sahihi ya fundi na ya mwenyekiti wa mtaa ana jibu. Aliyeondoka kwa ugomvi hana.

Cheti kina haraka gani? Mwishoni mwa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Saluni imo kwenye orodha. Mtaani watu walishangilia, na sababu wanazo. Lakini amri ile ina neno "isipokuwa": saluni iliyo ndani ya hoteli au inayohudumia utalii haikuzuiwa. Kwa mikoa mingine hilo ni dogo. Kwa Arusha, ambako mteja wa dola analala hotelini na harusi za wageni zinafanyika kwenye loji, ndipo penye mlango ulioachwa wazi kwa yeyote mwenye ujuzi unaothibitishika. Meneja wa hoteli haendi Kimandolu kuuliza majirani kama mkono wako ni mzuri. Anaomba cheti. Na wageni wataongezeka, maana uwanja wa AFCON 2027 unajengwa hapahapa jijini. Tusije tukakuta tumelindiwa saluni za uchochoroni peke yake.

Kuhusu mtaji baada ya kujifunza, mnaijua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Ni ya biashara na hasa ya vikundi, kwa hiyo usiipangie ada. Lakini wasusi watano au kumi waliomaliza pamoja, kila mmoja na karatasi yake, ni kikundi kinachoeleweka kuliko vile vikundi vinavyoundwa usiku wa kuamkia mwisho wa kupokea fomu. Draya na kiti cha kuoshea si lazima kila mtu anunue chake.

Kuna jambo la kisera ambalo tawi halitalinyamazia. Waajiri wakubwa nchini wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Kiwango chake kilishushwa hadi 3.5% mwaka 2023. Tozo ile imewekwa kwa ajili ya ujuzi wa Watanzania, na Mtanzania haishii miaka 35. Programu nyingi za mafunzo ya bure zinatangazwa kwa vijana. Vijana ni wetu, wana haki yao. Ila mama wa miaka 42 ndiye anayelipa ada ya huyo kijana, na akipata ujuzi leo nyumba nzima inanyanyuka kesho. Tunataka madarasa ya jioni ya ufundi yaletwe kwenye kata, ndani ya majengo ya umma yanayofungwa saa tisa alasiri na kukaa giza hadi asubuhi. Mwalimu mmoja wa ususi akija Kimandolu mara tatu kwa wiki, nauli inayookolewa ni ya watu 30. Tumeshamwomba diwani alipeleke hili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na tutawaletea majibu hapa, yawe mazuri au mabaya.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu tumeshayaamua. Nakala za mkataba wa mafunzo zitakuwa ofisi ya tawi kuanzia Jumatatu, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, bila malipo. Zinatolewa kwa mkazi yeyote. Mkataba hauulizi kadi ya chama gani, na atakayesikia mtu anaulizwa kadi atuambie. Asiyejua kusoma asomewe wote mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, si shahidi wa mwenye saluni. Waliofanya kazi ya saluni au kinyozi kwa miaka mitatu na zaidi bila cheti waje waandikishwe majina, ili tupeleke orodha moja VETA kuomba upimaji badala ya kila mtu kwenda peke yake na kurudi bila jibu.

Wenye saluni ambao ni wanachama tutakaa nao Jumapili baada ya ibada, wao na Kamati tu. Tunawaomba waje na rasimu zao kama wana kipengele wanachotaka kibadilishwe, hasa kile cha umbali wa kufungua saluni mpya, maana najua wapo wanaoona mwaka mmoja ni mfupi na wapo wanaoona hata mwezi ni uonevu. Tungependa mikataba ya kwanza isainiwe kabla ya mwisho wa Januari, viti vikiwa bado vitupu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Kimandolu, Arusha